Kitabu cha Marehemu na Haki ya Mayatima

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo moja iliyoandikwa katika karatasi za daftari la shule, kurasa sita kamili, nasi tumeisoma mara tatu. Mwenyewe ni dada yetu katika Uislamu, mjane, aliyetoka edani mwaka huu. Ametutaka tusilitaje jina lake wala mji wake, na tumemtii. Lakini mambo aliyoyauliza si yake peke yake. Yamo katika majumba mengi, na pengine yamo ndani ya nyumba yako wewe unayesoma, kama utakavyojionea.

Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa madrasa kwa muda wa miaka 26. Katika kuwafundisha watoto udhu na sala aliona kuwa vitabu vilivyopo ama ni vya Kiarabu, ambavyo mtoto huvihifadhi asivijue maana, ama ni vya Kiswahili kizito ambacho mtoto wa leo hakifahamu. Basi akakaa usiku baada ya usiku, miaka mitatu, akitunga kitabu chake cha masuala na majibu, kurasa 64. Hakupata wa kumchapia, akakipiga chapa kwa gharama yake mwenyewe, nakala 2,000. Sehemu ya gharama aliilipa kwa kuuza ng'ombe wawili, na iliyobaki, shilingi 1,400,000, akawa anadaiwa na mpiga chapa, kwa ahadi kuwa atalipa kila vitabu vitakapouzwa. Ziliuzwa nakala 300 tu, na fedha zake zikaishia katika dawa. Kisha mauti yakamfika. Ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake walikwisha kumtangulia. Katika watoto hao waliobaleghe ni wawili, na mdogo wao ana miaka sita.

Vitabu vilivyobaki vimo katika maboksi chini ya kitanda, na haviuzwi. Wala si kwamba havitakiwi. Vinatakiwa mno! Madrasa baada ya madrasa zimepeleka nakala moja kwenye mashine ya fotokopi, zikatoa thelathini na arubaini. Kijana mmoja amezipiga picha kurasa zote kwa simu yake, akazifanya faili moja, na faili hilo sasa linazunguka katika makundi ya WhatsApp na watu wanamwombea dua njema aliyelileta. Na mwalimu mmoja wa mji wa jirani ameondoa jalada, akaweka jalada lake, na juu ya jalada akaandika jina lake.

Dada yetu alipokwenda kulalamika aliambiwa na watu wazima, wenye kuheshimiwa, kuwa ilimu ni ya Mwenyezi Mungu na haiuzwi. Kwamba amwachie marehemu wake sadaka yenye kuendelea, wala asiifanye dini kuwa biashara. Akarudi nyumbani akilia. Anatuuliza: je, anayo haki au hana? Na kama ipo, ni yake au ni ya watoto? Na yuko muuza vitabu aliyemtaka amwuzie haki yote ya kitabu kwa shilingi 300,000 taslimu, amwuzie?

Tuanze na neno alilorudishwa nalo nyumbani, kwani limeenea sana na lina sura ya haki. Hapana shaka kuwa kuficha ilimu ni dhambi kubwa. Imepokewa kwa Mtume s.a.w. kuwa mwenye kuulizwa ilimu anayoijua akaificha, atavishwa Siku ya Kiyama hatamu ya moto. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, na hakuna Mwislamu anayetaka kuingia katika tishio hilo. Lakini hebu tutazame, ndugu msomaji: huyu marehemu alificha nini? Mtu aliyeuza ng'ombe wake ili ilimu itoke kifuani mwake imfikie mtoto wa watu ameificha au ameidhihirisha? Kitabu chake anaweza kukiazima yeyote, akakisoma, akakihifadhi kwa moyo, akasimama msikitini akawafundisha watu yaliyomo tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, na hakuna anayemzuia wala anayemdai senti. Kinachozungumzwa ni jambo jingine kabisa, nalo ni kutengeneza nakala za kitabu na kuzigawa au kuziuza bila ya idhini ya mwenyewe.

Na ujira juu ya kazi ya dini si jambo geni. Katika Sahihi ya Bukhari, kwa riwaya ya Ibn Abbas r.a., mna kisa cha Masahaba waliomsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu, wakapewa mbuzi, na wengine wao wakaona vibaya kuwa mwenzao amechukua ujira kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Walipofika Madina Mtume s.a.w. hakuwakemea, bali aliwaambia kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Tena wanaosema ilimu haiuzwi hawajapata kumwambia mwenye mashine ya fotokopi kuwa karatasi zake ziwe bure, wala kampuni ya simu kuwa faili la dini lisikate salio. Kila mtu katika mlolongo huu analipwa, isipokuwa yule aliyekesha.

Wanavyuoni wetu wana mfano wa maji. Maji ni katika vitu ambavyo Sharia imewashirikisha watu wote. Mto hauna mwenyewe. Lakini aliyekwenda mtoni akachota, akajitwika, akayatia katika mtungi wake, maji hayo ya mtungini ni mali yake, na anaweza kuyauza. Ilimu ya udhu ni mto. Maneno ya kitabu hiki, jinsi yalivyopangwa, masuala yalivyofuatana, mfano wa mtoto na kata ya maji alioutunga ukurasa wa tisa, hayo ni mtungi wa marehemu. Anayetaka mto na aende mtoni. Vitabu vya fiqhi vipo tele, atunge chake.

Hapa yuko mtu mwenye akili atakayetujibu: "Lakini, Sheikh, maji nikiyachukua mtungini yanapungua. Kitabu nikikinakili hakipungui. Mwenye nacho bado anacho." Swali hili ni la haki wala hatulipuuzi, na kwa sababu yake mimi binafsi sipendi kuwaita wanaofotokopi wezi, kwani wizi katika fiqhi una maana yake na masharti yake, na si vizuri kumtupia mwalimu wa watoto neno zito kama hilo. Tena na mimi si msafi. Nilipokuwa mwanafunzi nilinakilisha kamusi nzima ya Kiarabu kwenye mashine, kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kuinunua, na nakala ile ninayo hata leo, imefungwa uzi. Kila ninapoifungua najiambia kuwa sikumdhuru mtu. Lakini kamusi ile mtungaji wake alikwisha kufa zamani na hana mrithi anayejulikana kwangu. Huyu dada yumo mjini mwetu na maboksi yamo chini ya kitanda chake.

Kinachopungua si kitabu. Kinachopungua ni mnunuzi. Nakala moja ya fotokopi, kwa shilingi 2,000, imechukua pahala pa nakala ya shilingi 3,000 ambayo ingelipunguza deni. Na baada ya mnunuzi kinapungua kitabu cha pili. Dada yetu ametueleza kuwa marehemu alikuwa amekwisha kuanza kitabu cha zaka na saumu, madaftari mawili, na alipoona vya kwanza vimekwama aliweka kalamu chini, akasema atamaliza deni kwanza. Hayo madaftari mawili yameishia katika mlango wa nisabu ya mifugo. Watoto wa madrasa zile zilizopata kitabu cha sala bure wamekosa kitabu cha zaka, na hawajui kuwa wamekosa.

Jambo hili wenzetu wa Ulaya walilitambua mapema, baada ya kuteseka nalo. Mjini London zamani haki ya kuchapa kitabu ilikuwa mikononi mwa chama cha wapiga chapa na wauza vitabu. Mtungaji akishauza karatasi zake hana tena neno. Ndipo mwaka 1710, katika enzi ya Malkia Anne, Uingereza ikapitisha sheria iliyompa mtungaji mwenyewe haki juu ya kitabu kipya kwa miaka 14, na kama yu hai muda huo ukiisha, hupata 14 mingine. Na sheria hiyo katika kichwa chake ilitaja sababu yake: kuhimiza ilimu. Haikusema kuwatajirisha watungaji. Mtungaji anapewa haki ili atunge, na muda unawekwa kikomo ili baadaye kitabu kiwe cha watu wote. Wauza vitabu wa London hawakuipenda hiyo sehemu ya pili, wakadai kuwa haki waliyoinunua ni ya milele. Mashauri yakaenda miaka mingi, hata mwaka 1774 Baraza la Malodi likahukumu kuwa haki ya milele haipo.

Mzani huo ndio uliobaki mpaka leo, ingawa muda umerefushwa. Mapatano ya Berne ya mwaka 1886, ambayo Kenya na Tanzania zimo ndani yake, yameweka kwamba haki hudumu muda wa maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na ndivyo ilivyo katika sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na sheria ya Kenya ya mwaka 2001. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Mimi naona muda huo ni mrefu kuliko haja, maana mjukuu wa mtungaji hakukesha. Lakini hapa hatuzungumzi wajukuu, tunazungumza mtoto wa miaka sita.

Dada yetu anahofu kuwa marehemu hakukiandikisha kitabu serikalini. Asihofu. Chini ya mapatano hayo haki huzaliwa siku ile ile maneno yanapoandikwa, bila kuandikishwa popote. Kuandikisha katika afisi ya hakimiliki, COSOTA huko Dar es Salaam au KECOBO huko Nairobi, kunasaidia kuwa ushahidi tu. Na ushahidi anao: madaftari ya mkono wa marehemu, yenye kukatwa na kuandikwa tena, ambayo tunamsihi ayatie katika sanduku penye ufunguo, wala asimwazime mtu hata awe nani.

Ama Sharia yetu, suala hili lilipofika kwa wanavyuoni wa zama hizi walihitilafiana mwanzo, na hitilafu ina asili yake. Katika madhehebu ya Hanafi manfaa peke yake, yasiyoshikika kwa mkono, hayahesabiwi kuwa mali, na kwa hiyo baadhi ya wanavyuoni wao walikataa kuwa haki tupu inaweza kuuzwa. Lakini kwa Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani tunamfuata, na kwa Maliki na Hanbali, manfaa ni mali. Makazi ya nyumba ni mali ingawa huwezi kuyatia mfukoni. Mwezi wa Desemba mwaka 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jidda, ilikutana Kuwait katika kikao chake cha tano, ikatoa uamuzi kuwa haki za kutunga na za kuvumbua ni haki mahsusi za wenyewe, zina thamani ya mali katika ada ya watu wa leo, zinahifadhiwa na Sharia, na haijuzu kuzishambulia. Kwa hiyo yule aliyemwambia dada yetu kuwa anaifanya dini biashara amesema kwa haraka.

Na kabla ya haki ya fedha iko haki ya jina, na hii hata wa kale hawakuhitilafiana juu yake. Nani katika sisi asiyeijua Tafsiri ya Jalalaini, inayosomwa katika darsa za misikiti yetu? Jalaluddin Al-Mahalli aliianza, akaandika kutoka Sura ya Kahf mpaka mwisho wa Msahafu, pamoja na Fatiha. Akafa mwaka 864 wa Hijra. Mwanafunzi wake Jalaluddin As-Suyuti akaja akaikamilisha kutoka Baqara mpaka Israa. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini mwishoni mwa sehemu yake ameeleza ya kuwa huo ni ukamilisho wa kitabu cha mwalimu wake, na hata leo tunajua ipi ya nani. Na huyu huyu Suyuti, alipoona mtu amechukua katika vitabu vyake bila kumtaja, alitunga risala nzima akaiita, kwa maana ya Kiswahili, "Chenye kupambanua baina ya mtungaji na mwizi." Neno nililojizuia mimi nisiliseme juu ya mwenye kufotokopi, yeye hakujizuia kulisema juu ya mwenye kufuta jina. Wazee wetu wa pwani nao walilijua jambo hili. Watu wa Siyu waliosifika kwa kuandika Misahafu kwa mkono walilipwa kwa kazi ya mikono yao, na watungaji wa tenzi waliweka mwishoni jina lao na hesabu ya beti, ili anayezidisha au kupunguza ajulikane.

Sasa, ni haki ya nani? Hapa ndipo tunapomtaka kila mwenye kufotokopi atulie asome.

Mali ya maiti haigawiwi mpaka litolewe deni lake. Deni la mpiga chapa limo shingoni mwa marehemu. Na imepokewa kuwa nafsi ya Muumini hutundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe, na Mtume s.a.w. aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asimsalie, mpaka Abu Qatada r.a. alipolichukua juu yake. Basi kila shilingi itokayo katika kitabu, kwanza iende kulilipa deni hili. Watu wanasema wanamletea marehemu thawabu kwa kueneza kitabu chake bila malipo, nao hao hao wameiziba njia ambayo angelitoka katika deni.

Deni likiisha, kitabu na haki yake ni mirathi. Mke mwenye kuachwa na watoto hupata thumni, kwa Aya ya 12 ya Sura ya Nisaa, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Hesabu ya nyumba hii imekuja nyepesi: katika kila shilingi 8,000, mama 1,000, kila binti 1,000, na kila mwana 2,000. Na hii ni kila mara fedha zinapoingia, hata ziwe kidogo. Daftari liwekwe, na mafungu ya wadogo yaandikwe peke yake.

Ikiwa ni hivyo, basi jibu la wanaomwambia "toa sadaka" limekwisha kupatikana, na si katika sheria ya Uingereza. Mama anaweza kusamehe fungu lake. Watoto wawili waliobaleghe, wakitaka kwa radhi zao, wanaweza kusamehe yao. Lakini mafungu ya watatu wadogo hayana mtu wa kuyasamehe duniani. Mama hawezi, ami hawezi, kadhi hawezi. Msimamizi wa yatima amekatazwa kutoa sadaka katika mali ya yatima. Na Aya ya 10 ya Sura hiyo hiyo imesema yanayoingia matumboni mwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma kuwa ni moto. Ndugu mwalimu uliyetoa nakala arubaini, najua hukukusudia hilo. Ulikusudia watoto wajue kusali. Lakini zihesabu nakala zako, uende kwa huyu mama, mpatane, hata kwa kumlipa kidogo kidogo. Na wewe uliyelipokea faili katika simu, ukalipeleka mbele kwa watu mia mbili kwa kugusa kidole, umefanya katika dakika moja zaidi ya alivyofanya mwenye mashine kwa mwaka.

Ametuuliza pia juu ya madrasa moja ya shamba, yenye watoto kumi na wanane na mwalimu asiyekuwa na mshahara. Hawa tunaona wapewe njia. Awakopeshe vitabu halisi vya ndani ya maboksi, walipe wakivuna. Au mtu wa mjini mwenye uwezo avinunue kwa bei yake na kuvitia wakfu katika madrasa ile. Wakfu wa namna hiyo ni sadaka yenye kuendelea isiyokuwa na shaka, kwani atoaye anatoa chake. Vile vile si kila kunakili kumekatazwa: mwanafunzi kujiandikia kurasa kwa ajili ya kusoma kwake, mwalimu kuandika suala mbili tatu ubaoni, mwandishi kutaja maneno na kumtaja mwenyewe, sheria zenyewe zina nafasi kwa mambo haya. Na kwa wasioona, yako mapatano ya Marrakesh ya mwaka 2013, yenye kuruhusu kitabu kugeuzwa maandishi ya nukta nundu bila ya kungoja idhini.

Tuje kwa muuza vitabu na shilingi zake 300,000. Dada yetu, usiuze.

Yuko mshairi wa Kiingereza akiitwa John Milton, kipofu, aliyeuza shairi lake kubwa, Paradise Lost, mwaka 1667. Alipewa pauni 5, na nyingine 5 ziliposhauzwa nakala 1,300. Akafa. Mwaka 1680 mjane wake akasaini kuacha haki zote zilizobaki kwa pauni 8. Shairi lile limechapwa tangu siku ile mpaka leo, na waliotajirika nalo ni wengi, wala yule mama si mmoja wao. Na karibu zaidi na kwetu: Solomon Linda, Mzulu, alirikodi wimbo wa "Mbube" mwaka 1939. (Hukumu ya nyimbo si mahali pake hapa.) Aliiacha haki yake kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962, huku wimbo ukizunguka dunia kwa majina mengine na kuingiza mamilioni. Kilichowafaa mabinti zake ni kifungu katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyotumika huko, chenye kusema kuwa haki iliyouzwa na mtungaji huwarudia warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Kwa kifungu hicho walishitaki kampuni ya Disney mwaka 2004, na mwaka 2006 wakapatana na wenye kudai kuumiliki wimbo ule, wakalipwa. Lakini ni warithi wangapi watakaopata wakili wa kuwafukulia kifungu kama hicho?

Kwa hiyo mwambie muuza vitabu kuwa huuzi haki, unampa idhini ya kuchapa. Iandikwe katika mkataba, na mashahidi wawili: chapa ya pili, nakala kadhaa zilizotajwa kwa hesabu, miaka mitano isiyozidi, jina la marehemu juu ya jalada, na mrabaha wenu kwa kila nakala iliyouzwa, ulipwe kila miezi sita pamoja na hesabu. Kuihawilisha haki kwa maneno ya mdomo hakuna nguvu katika sheria, basi ukikaribishwa chai ukaambiwa "tumekubaliana," kunywa chai urudi nyumbani. Wala usisaini peke yako kwa niaba ya watoto bila ya kumwuliza kadhi, kwani thumni ndiyo yako. Na akikataa, maboksi bado yapo. Sisi tutaweka nakala hamsini katika afisi ya gazeti hili ziuzwe kwa bei ya kitabu, bila ya kukata kitu.

Limebaki la yule mwalimu aliyeweka jina lake. Katika Aya ya 188 ya Sura ya Aali Imran wametajwa wale wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyafanya, na tunamwachia aisome mwenyewe. Usimwendee peke yako. Mchukue mwanao mkubwa na mzee mmoja wa msikiti wake, mwende kwa upole, na mchukue vitabu viwili, cha marehemu na chake. Tumevilinganisha vile ulivyotuletea. Katika cha marehemu, ukurasa wa 41, mpiga chapa amekosea: katika sala ya Idi, rakaa ya pili, pamepigwa chapa takbira nne badala ya tano. Katika kitabu cha mwalimu huyu, ukurasa huo huo wa 41, zimo nne. Mwulizeni amezipata wapi. Na katika chapa ya pili, inshaallah, msahihishe.